ELIMU NYUMBANI: Kusaga Kunakozaa Fuwele

Barua ya juma hili yatoka Kasulu. Baba mmoja atuarifu kwamba binti yake, aliye Kidato cha Pili, alirudi likizo, na siku moja akitwanga muhogo pamoja na mama yake akasema kuwa mwalimu wao amewaambia ya kwamba wako wataalamu watengenezao vitu vya namna ya vile vilivyomo ndani ya simu kwa kusaga tu, bila moto na bila maji. Baba auliza maneno mawili. Je, ni kweli, ama mwalimu alifanya mzaha? Tena, kwa kuwa mwakani binti hana budi kuchagua masomo, na maabara ya shule yao ina upungufu mwingi, je, si afadhali aiache kemia?

Ndugu yetu, mwalimu hakufanya mzaha.

Na tuanze na jambo mlijualo huko kwenu. Chumvi ya Uvinza ni fuwele, yaani punje ambazo chembe zake zimejipanga safu kwa safu kama matofali ukutani. Watu wamechemsha maji ya chumvi pale kwa zaidi ya miaka elfu moja, na Waha wa Kasulu na Kibondo wameila chumvi hiyo tangu zamani. Maji yakiondoka, chumvi hubaki. Lakini fikirini kuni zilizoteketea! Wenye viwanda hufuata njia iyo hiyo kwa vitu vingine vingi: huyeyusha kitu katika dawa ya maji kama toluini au klorofomu, kisha huondoa ile dawa ili fuwele zibaki. Dawa hizo ni ghali, nyingine ni sumu, na kuzitupa ni taabu.

Njia ya kusaga si mpya. Theophrastus, Mgiriki aliyeishi yapata miaka 300 kabla ya Kristo, aliandika kwamba zebaki yapatikana kwa kusaga jiwe lake jekundu pamoja na siki katika kinu cha shaba. Mwaka 1893 Waingereza wawili, Ling na Baker, walisaga pamoja vitu viwili vikavu vya jamii ya kwinoni wakapata kitu cha tatu. Katika jamii hiyo kimoja ni cha manjano, kingine ni cheupe, na vikiungana hutoa fuwele za kijani iliyoiva hata kuwa kama nyeusi. Rangi hiyo haikuwamo katika kimoja wala katika kingine. Mama akichanganya unga wa mahindi na wa muhogo hupata mchanganyiko tu. Hapa kimezaliwa kitu kipya.

Sababu yake ni hii. Mchi huvunja punje na kufunua nyuso mpya, na chembe za kitu hiki hukutana na za kile. Ikiwa kimoja hupenda kutoa elektroni na kingine hupenda kuzipokea, hupangana kwa zamu, mtoaji na mpokeaji, mtoaji na mpokeaji. Mara nyingi tone moja au mawili ya maji au spiriti huharakisha kazi. Siku hizi wataalamu hawatwangi kwa mkono. Hutia unga katika kopo lenye gololi ngumu, na mashine hulitikisa kwa nguvu.

Baadhi ya fuwele za namna hiyo hupitisha umeme, si vizuri kama shaba, wala si vibaya kama mti mkavu. Vitu vya daraja hilo la kati huitwa semikondakta. Zamani ilidhaniwa kuwa vitu vya asili ya kaboni, kama nta na lami, haviwezi kazi hiyo. Mwaka 1954 Wajapani Akamatu, Inokuchi na Matsunaga walionyesha kwamba perilini ikiungana na bromini hupitisha umeme. Mwaka 1987 Tang na VanSlyke wa kampuni ya Kodak walieleza jinsi ya kutoa mwanga kwa vitu vya kaboni, na vioo vya simu nyingi leo hung'aa kwa njia hiyo.

Walakini binti asizidishe. Kinu hutoa unga wa fuwele ndogo mno, na kifaa cha umeme huhitaji utando laini au fuwele kubwa isiyo na kasoro, basi kazi huwa bado ipo. Wala vibao vya jua vilivyo juu ya mapaa ya Kibondo havikutoka kinuni. Vingi ni vya silikoni, ambayo huyeyuka kwenye joto la digrii 1,414, kisha ndipo fuwele yake hukuzwa.

Kuhusu swali la pili, mimi nasema mwacheni achague kemia. Upungufu wa maabara ni kweli, na wazazi mna haki ya kuuliza juu yake katika mkutano wa shule. Lakini mtoto aliyeyakumbuka maneno ya mwalimu mbele ya kinu ameonyesha akili ya somo lenyewe. Mwombeni mwalimu awaonyeshe darasani naitrati ya risasi na iodidi ya potasiamu. Zote mbili ni nyeupe, na hukutwa katika maabara nyingi za sekondari. Zikisagwa kavu pamoja hugeuka manjano papo hapo, na kile cha manjano, iodidi ya risasi, nacho ni semikondakta.

Kazi hiyo ifanywe na mwalimu mwenyewe, kwa kiasi kidogo, mikono ikiwa na glavu, kwa maana risasi ni sumu, na unga wake usipeperushwe wala kumwagwa ovyo. Kwinoni nazo huumiza macho. Binti asijaribu lolote la haya nyumbani, hasa katika kinu cha mama yake.