Kaficha Kifungo cha Miaka 11 Iliyopita, Kafukuzwa Kazi: Kosa la Nani?

Stori ya jamaa mmoja wa Dar imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp wiki hii, na watu wamegawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga.

Kwa kifupi ni hivi. Akiwa na miaka 20, jamaa alikamatwa na simu ya wizi, akapandishwa kizimbani, akala miezi sita. Akatoka, akabeba zege, akauza maji kwenye foleni, akasomea udereva. Miaka saba baadaye akaomba kazi kwenye kampuni moja ya usambazaji wa vinywaji. Kwenye fomu kulikuwa na swali: "Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai?" Akaweka tiki kwenye "Hapana".

Kapiga kazi miaka minne. Hajapoteza mzigo, hajagongana na mteja. Ilipofika zamu yake ya kupandishwa cheo, ofisi ikamtaka alete cheti cha polisi cha kuonyesha hana rekodi ya uhalifu. Alama za vidole hazina aibu, zikasema kila kitu. Wiki hiyo hiyo akaambiwa arudishe funguo za gari.

Upande mmoja unasema mwongo ni mwongo tu, leo kaficha kifungo, kesho ataficha hela. Upande wa pili unauliza: angesema ukweli, nani angempa hiyo kazi? Wote wana hoja, ndiyo maana huu ubishi hauishi.

Kwanza ukweli unaouma: kisheria jamaa hana pa kushika sana. Kanuni za kazi za mwaka 2007 zinauweka udanganyifu mkubwa kwenye makosa yanayoweza kumwachisha mtu kazi, ingawa zinamtaka mwajiri amsikilize kwanza. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inapokataza ubaguzi kazini, inataja rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, VVU na mengine kadhaa. Kifungo cha zamani hakimo kwenye hiyo orodha.

Sasa njoo kwenye Katiba. Ibara ya 67 inamzuia mtu kuwa mbunge kama ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu alihukumiwa kifungo kwa kosa la utovu wa uaminifu. Miaka mitano tu! Ikipita, kwa kigezo hicho yuko huru kugombea, akaingia mjengoni Dodoma, akatunga sheria. Lakini fomu ya kazi inauliza "umewahi", neno lisilo na mwisho. Yaani jamaa huyu anaweza kukubalika kupitisha bajeti ya nchi nzima, ila kuendesha Kirikuu ya soda hapana. Inaingia akilini?

Halafu kuna huu undumilakuwili wa mjini. Staa akitoka ndani, getini anasubiriwa na simu mia zinarekodi. Jioni keshapostiwa kila ukurasa, wiki ijayo ana shoo, na watu wanaandika "Mungu ni mwema". Mtoto wa uswahilini akitoka, kila anayepishana naye anashika mfuko. Kila zinapotangazwa habari za msamaha wa Rais kwa wafungwa, iwe sikukuu ya Muungano au Uhuru, watu wanapiga makofi. Makofi yakiisha, hao waliosamehewa wanaenda kula wapi? Kama mtu anaamini binadamu anaweza kubadilika, imani hiyo isiishie kwa wenye wafuasi milioni moja.

Ila na wenye huruma wasipitilize. Aliyefungwa kwa kumdhalilisha mtoto hana haki ya kukaa kimya halafu akaomba kuendesha basi la shule. Mzazi anayempandisha mwanawe kwenye lile basi asubuhi lazima awe na uhakika kuna mtu alichunguza. Uingereza walipitisha sheria ya mambo haya tangu mwaka 1974: makosa mengi, muda uliowekwa ukipita bila mtu kurudia, yanahesabika yameisha, na mwombaji kazi anaruhusiwa kujibu "hapana" bila kuwa mwongo. Lakini kwa kazi kama za kukaa na watoto, uchunguzi unakwenda mbali zaidi. Huo ndio mstari wenye akili: kosa linahusiana vipi na kazi, na limepita muda gani?

Kwa mstari huo, jamaa alikosea kudanganya. Uongo wenyewe haukumpa raha: miaka minne kila akiitwa ofisini moyo unaruka. Na msimamizi aliyempendekeza kwenye cheo naye kaonekana hajui anafanya nini. Anayepitia hali kama hii asiweke tiki ya uongo. Aseme kwa sentensi mbili tatu: kosa lilikuwa hili, adhabu aliimaliza mwaka fulani, tangu hapo kafanya hiki na hiki, na aje na mtu wa kumdhamini. Atapigwa chini mara nyingi, hilo halina ubishi. Lakini atakapoipata, hakuna karatasi ya polisi itakayomtoa.

Kampuni nayo imekosea, tena pakubwa. Ilikuwa na njia mbili za kumjua huyu mtu: karatasi ya miaka 11 iliyopita na miaka minne ya kumwona kwa macho kila siku. Ikachagua karatasi. Onyo kali na kunyimwa kile cheo vingetosha kabisa. Na fomu ibadilishwe, iulize makosa ya miaka mitano iliyopita yanayogusa kazi inayoombwa. Watu watasema ukweli wakijua ukweli hauwamalizi.

Hakimu alimpa jamaa miezi sita, akaitumikia yote. Hii adhabu nyingine ya mtaani, mbona haina tarehe ya kutoka?

Haya wadau, ungekuwa wewe ndiye bosi wake ungemfukuza au ungembakiza? Uwanja ni wenu hapo chini, ila matusi hapana.