Mbio Zimelipa, Kandanda ya Wasichana Bado

Ukingo wa kusini wa Ziwa Naivasha, kando ya barabara ya Moi South Lake, pana mtaa uitwao Kamere. Wakaazi wake wengi wametoka pembe mbalimbali za Kenya kutafuta kazi katika mashamba ya maua, na katika kazi hiyo wanawake ndio walio wengi. Waridi liuzwalo Ulaya limekatwa, likapangwa na kufungwa kwa mikono yao. Lakini Jumapili jioni mpira utolewapo, katika mitaa ya namna hii ni nani aingiaye kiwanjani, na ni nani abakiaye kwenye beseni la nguo? Jawabu lajulikana.

Si kwamba kandanda ni ngeni huko. Oserian Fastac, timu ya shamba la maua la ukingo huo huo, ilitwaa ubingwa wa Kenya mara mbili mfululizo, 2001 na 2002, mbele ya wakongwe Gor Mahia na AFC Leopards. Baadaye akina dada nao walikuwa na Oserian Ladies katika ligi kuu ya wanawake. Timu ya shamba husimama kwa kuwa shamba lina kiwanja, lina gari, na laweza kumruhusu mchezaji atoke kazini mapema. Mwajiri akijitoa, timu huanguka. Na ya wanawake huanguka upesi zaidi, maana haina mdhamini wa pili anayeingojea.

Katika mbio hali ni nyingine kabisa. Sabina Chebichi, aliyejulikana kwa kukimbia na shimizi, alipata shaba ya mita 800 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1974 kule Christchurch. Pauline Konga akaleta fedha ya Olimpiki mwaka 1996, Pamela Jelimo dhahabu mwaka 2008, na mwaka 2024 Beatrice Chebet akatwaa dhahabu mbili mjini Paris. Marathoni kubwa kama za Boston na London humlipa mshindi wa kike sawa na wa kiume. Kwa nini usawa huo ulifika mapema huku? Mkimbiaji hahitaji kugawiwa kiwanja. Barabara ni ya wote. Mcheza kandanda ahitaji wenzake kumi, kiwanja, refa na nauli, na vyote hivyo viko mikononi mwa kamati, ambazo aghalabu ni za wanaume.

Tusidhani fedha imemaliza kazi. Agnes Tirop, aliyevunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za wanawake watupu Septemba 2021, aliuawa nyumbani kwake Iten mwezi uliofuata, na mumewe akashtakiwa. Mwanamke aliyechuma kwa miguu yake alikosa amani ndani ya nyumba aliyoichumia.

Sisi wa pwani twaweza kusema hayo ni ya bara. La, hasha. Kwetu hoja iliyotangulizwa daima ni ya sitara, na ni hoja ya kusikilizwa. Lakini kwa miaka kadhaa kizuizi kilitoka upande wa pili: FIFA ilipiga marufuku hijabu uwanjani mwaka 2007, isiiruhusu rasmi hadi 2014. Mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco akacheza Kombe la Dunia na hijabu yake. Tena imepokewa kwamba Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) mara mbili, akashinda mara ya kwanza na kushindwa ya pili. Kilifi nako, tangu 2001, shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwachezesha wasichana kandanda, na wazazi Waislamu ni miongoni mwa waliokubali. Basi mavazi yana dawa. Kiwanja na saa, je?

Katika maua, kazi huzidi kila ikaribiapo tarehe 14 Februari. Mama aliyesimama tangu alfajiri akipanga waridi arudi kwake kupika na kuogesha watoto. Ati ndipo aambiwe wanawake hawapendi michezo!

Katiba ya 2010 imempa mwanamke haki sawa katika utamaduni na maisha ya jamii, na imezikabidhi kaunti viwanja vya michezo. Nakuru, Kilifi na Mombasa haziwezi kusingizia Nairobi. Kila kaunti ijengapo kiwanja kwa fedha ya umma, madiwani wadai ratiba ibandikwe langoni: siku zipi za wasichana, saa ngapi kabla ya giza, choo chao ki wapi, na nani atawarudisha nyumbani.