Bingwa wa Kilo 47 ni Bingwa Mzima

Naomba niseme neno juu ya masumbwi. Najua wazazi wengi hawaupendi mchezo huu, na baba yangu mwenyewe ni mmojawapo. Walakini naomba wanisome mpaka mwisho, ndipo wanihukumu.

Neno lenyewe lilizuka bwenini usiku mmoja kabla ya taa kuzimwa. Tulikuwa tukiwataja mabondia waliotutia fahari. Mmoja akamtaja Muhammad Ali, aliyemwangusha George Foreman kule Kinshasa mwaka 1974. Mwingine akamtaja Hassan Mwakinyo wa Tanga, aliyemshinda Sam Eggington mjini Birmingham mwaka 2018, katika raundi ya pili tu. Mimi nikamtaja Wanheng Menayothin wa Thailand. Wakaniuliza, ana kilo ngapi? Nikajibu kwamba alipigania uzito wa chini kabisa katika masumbwi ya kulipwa ya wanaume, usiozidi kilo 47.6. Bweni zima likacheka. Kaka mmoja akasema, "Huyo si bingwa, huyo ni mtoto wa darasa la saba." Nami juma lile nilikuwa nimepimwa zahanati, mizani ikaonyesha kilo 48. Kwa hiyo kicheko kile nilikihesabu kuwa changu pia.

Sasa itazameni kazi ya mtu huyu. Alianza masumbwi ya kulipwa mwaka 2007. Tarehe 6 Novemba 2014 alimnyang'anya Oswaldo Novoa wa Mexico mkanda wa WBC, akakaa nao miaka 6 na majuma 3, akautetea mara 12. Mwezi Mei 2018 alitimiza mapambano 50 pasipo kushindwa wala kutoka sare, akawa sawa na Floyd Mayweather wa Marekani ambaye kila mtu anamjua. Hakusimama hapo, alifika 54. Aliyemvua mkanda ni Mthailand mwenzake, Panya Pradabsri, tarehe 27 Novemba 2020, tena kwa pointi, hakuangushwa.

Wenzangu wana hoja moja ambayo siwezi kuikataa yote. Wanasema mkanda wake aliutetea kwao Thailand, mbele ya watu wake, na kwamba katikati ya mapambano ya ubingwa alikuwa akipigana na watu wasio na jina. Ni kweli, nami natamani angalitoka nje. Lakini si kweli kwamba wote aliowashinda walikuwa makapi. Melvin Jerusalem wa Ufilipino, aliyeshindwa naye Januari 2017 kwa pointi chache mno, mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia. Pedro Taduran, pia wa Ufilipino, alishindwa naye Agosti 2018, na mwaka uliofuata akajifunga mkanda wa IBF. Na huyo Mayweather je? Pambano lake la 50, Agosti 2017, alipigana na Conor McGregor, mtu ambaye hakuwa amepigana hata pambano moja la masumbwi ya kulipwa. Nilipolisema hilo bwenini, kicheko kilipungua.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu ni hili. Tarehe 3 Juni 2017 aliyepanda ulingoni kumkabili Wanheng alikuwa Mtanzania. Jina lake Omari Kimweri, aliyekwenda Australia mwaka 2006 na timu yetu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, akafanya makao yake huko. Alisimama na bingwa yule raundi zote 12, yaani dakika 36 za kupigana, akashindwa kwa pointi. Mtu wetu amegombea ubingwa wa dunia, na katika bweni lenye vijana wanaojua majina ya wachezaji wa akiba wa Simba na Yanga, hakuna hata mmoja aliyepata kumsikia. Kama angalikuwa na kilo 90 nadhani tungalimjua.

Mimi kwetu ni Geita, na baba yangu ni mchimbaji mdogo. Mnunuzi wa dhahabu huko ana mizani ndani ya kisanduku cha kioo ili upepo usiiguse, na sijaona mtu akiicheka nusu gramu. Ajabu ni kwamba mahali pale pale, jioni ya siku ya malipo, vijana hupiganishwa kwa fedha na hakuna anayeuliza uzito. Likizo iliyopita nilimwona kijana wa umbo langu akisukumwa mbele ya mbeba mifuko ya mawe aliyemzidi karibu mara mbili. Alianguka, akainuka, watu wakashangilia. Alipoanguka mara ya pili hakuinuka mpaka akamwagiwa maji. Mpaka nilipoondoka kurudi shuleni, sikio lake moja lilikuwa halisikii. Baba alinishika mkono tukaondoka. Ndiyo maana nilipomwandikia kumwomba ruhusa ya kujifunza masumbwi, jibu lake lilikuwa la mstari mmoja.

Baba, nakuheshimu, lakini tuliyoyaona jioni ile hayakuwa masumbwi. Masumbwi huanza kwenye mizani. Bondia wa kulipwa hupimwa siku moja kabla ya pambano, na akizidi uzito hawezi kuuchukua mkanda hata akishinda. Daktari huwapo, na mwamuzi ana amri ya kusimamisha pambano mtu angali amesimama kwa miguu yake. Sisemi kwamba hakuna hatari. Kichwa ni kichwa, na glavu haikigeuzi kuwa jiwe. Kwa sababu hiyo siombi mapambano ya watu wakubwa. Naomba raundi tatu fupi, kofia za kukinga kichwa, muuguzi awepo, na kila mtu apewe mwenzi wa kilo zake, si wa kidato chake wala wa bweni lake.

Tulipomwuliza mwalimu wa michezo alisema hakatai, ila wazazi wakubali kwanza. Mizani iko zahanati. Glavu jozi nne zatosha kuanzia. Wako wadogo wa Kidato cha Kwanza ambao katika kandanda kazi yao ni kuokota mpira ukitoka nje, nao wangefurahi. Mimi nina mtihani Novemba, baada ya hapo naondoka, lakini natamani nipande ulingoni hata mara moja kabla sijaenda. Baba atakuja Siku ya Wazazi. Namwomba mwalimu azungumze naye yeye kwanza, maana mimi nikianza atakumbuka lile sikio.

M. K., Kidato cha Nne