Ukishuka Pwani, usiishie Fort Jesus

Desemba ikibisha hodi, tiketi za SGR huisha kama njugu. Wewe kijana wa bara naijua ratiba yako: siku ya kwanza Nyali, ya pili picha mbili tatu juu ya mzinga pale Fort Jesus, halafu Diani hadi pesa ziishe. Sina ubaya na bahari. Ubishi wangu ni kuhusu ile saa moja unayoitengea historia, maana yote unaitumia kumsikiliza Mreno.

Utaambiwa kwamba ngome ilianza kujengwa mwaka wa 1593 na kwamba mchoro wake ulikuwa kazi ya Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Sawa. Lakini kabla hujaingia, inua macho juu ya lango. Kuna maandishi ya Kireno yamechongwa kwenye jiwe. Ni majigambo ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeijenga ngome upya mwaka wa 1635 na kujisifu kuwatiisha watu wa Pwani walioasi pamoja na mfalme wao, ambaye anamwita dhalimu. Wageni wengi hupita chini ya jiwe hilo wakiangalia simu.

Huyo "dhalimu" ni nani? Ni Yusuf bin Hasan. Baba yake, aliyekuwa mfalme wa Mombasa, alikosana na Wareno akauawa kwa njama zao, na mtoto akapelekwa Goa kule India. Huko alilelewa na mapadri, akabatizwa jina la Jerónimo. Alirudishwa mwaka wa 1626 kutawala kama kibaraka wao. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni na kuitwaa ngome. Wareno walikuja kumng'oa wakashindwa. Hatimaye aliibomoa ngome kadiri alivyoweza, akaondoka kwa jahazi. Ndiyo maana Cabreira alihitaji kujenga upya!

Usinielewe visivyo, simfanyi Yusuf malaika. Waliouawa mwaka ule hawakuwa wanajeshi wa Kireno peke yao. Walikuwemo pia wanawake, watoto na Waafrika waliokuwa wamebatizwa. Ninachodai ni kwamba ukimsoma Cabreira bila kumjua Yusuf, umesoma barua ya upande mmoja katika kesi ya pande mbili. Muulize mwongozaji wako habari hii. Wengi wao wanaijua vizuri, ila hakuna anayewauliza.

Malindi ni vilevile. Kila mtu hupiga picha kwenye mnara wa Vasco da Gama, mgeni aliyefika mwaka wa 1498 na kuendelea na safari yake ya India. Sanamu ya Mekatilili wa Menza ipo mji huohuo, bustanini, na wapo wanaoipita wakidhani ni pambo tu. Huyu mjane wa Kigiriama alitumia ngoma ya kifudu kukusanya watu mwaka wa 1913, Waingereza walipotaka kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu. Kule Kaya Fungo watu walilishwa kiapo cha kutoshirikiana na serikali: wanawake chao, wanaume chao. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Mwaka wa 1914 walitoroka na kurudi nyumbani kwa miguu. Hebu fungua ramani uone Kisii iko wapi na Kilifi iko wapi, kisha unisimulie tena jinsi basi la usiku lilivyokuchosha.

Waingereza walijibu kwa baruti. Agosti 1914 waliilipua Kaya Fungo, na katika vita vilivyofuata walichoma nyumba na kuwatoza Wagiriama faini ya mifugo na fedha. Kwa hiyo ukienda huko hutapata kuta za kupigia selfi. Utapata msitu na wazee. Hapo ndipo pana shida, kwa sababu sisi tumefundishwa kuwa urithi ni jiwe. Kisichokuwa na tiketi wala kibao tunaona si kitu.

Misitu ya kaya iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka wa 2008, miaka mitatu kabla ya Fort Jesus. Linganisha sasa idadi ya wenzako waliofika ngomeni na waliowahi kukanyaga kaya hata moja. Na ujue kwamba msitu usiotembelewa ni rahisi kunyakuliwa. Ardhi ya Pwani ina donda la zamani: sheria ya hatimiliki ya mwaka wa 1908 iliwapa nafasi waliodai mashamba ya kibinafsi, huku Wamijikenda waliomiliki ardhi kwa ukoo wakiachwa nje. Wajukuu wao ndio wanaoitwa maskwota hadi leo.

Kinachoniuma zaidi ni wazee. Kilifi kuna wazee wanaouawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi chini ya tuhuma hizo kuna shamba linalomezewa mate. Wengine wamelazimika kukimbilia hifadhi Kaya Godoma, Ganze. Hao ndio maktaba yetu ya kiapo cha Mekatilili. Wanaowavamia mara nyingi ni vijana wa rika letu. Kijana aliyezoea kuona wageni wakija kumsikiliza babu yake kwa heshima, na kulipa ada, atamtazama babu huyo kwa jicho jingine. Hilo halitamaliza mauaji, hiyo ni kazi ya polisi na mahakama. Lakini wewe mgeni una pesa na masikio, na vyote viwili vinahitajika huko.

Basi ukija, panga siku moja tu ya kaya. Usijiendee ovyo na kamera. Pitia kwa wenyeji upate idhini ya wazee, na ukiambiwa usiingie sehemu fulani, usiingie. Kama Kilifi ni mbali, Kaya Kinondo iko hapohapo karibu na Diani unakokwenda kuogelea. Utafungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, na utatembezwa na watu wa hapo.

Na kama huna hata siku hiyo moja, ukiwa kwenye matatu ya Kisauni na kondakta akaita "Kengeleni!", shuka. Kengele yenyewe bado ipo pale kando ya barabara, ile ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Iligongwa kuwaonya kwamba wakamata watumwa wanakuja. Kuiona ni bure.