Moto umerudi, mikroonde imekufa: ubovu uko ndani ya mashini ao kwenye laini?

Katika nyumba nyingi za Goma na Bukavu, habari inaanza vilevile. Umeme umekatika tangu asubuhi. Saa mbili za usiku moto unarudi, balbu inawaka kwa mwangaza mkali kupita kawaida, jikoni kunasikika mlio mdogo, kisha kimya. Mikroonde haionyeshi saa tena, hata taa yake ya ndani haiwaki. Kesho yake inabebwa kwa fundi, na wenye nyumba wanajilaumu: « Ni juu tulinunua ya bei kidogo. »

Mara nyingi si hivyo. Mashini haikufa yote. Kilichokufa ni kibao kinachopokea umeme, kile mafundi wanaita karte.

Namna karte inajilinda

Umeme wa nyumbani unapaswa kuwa karibu volti 220. Karte inaupunguza mpaka volti chache, 5 ao 12, ili kulisha saa na vitufe. Mahali umeme unapoingilia kuna walinzi wawili: fizibu, na kidude cha duara kama sarafu ndogo kinachoitwa varistori. Volti zikipanda sana, varistori inaacha umeme mwingi upite ndani yake, fizibu inakatika, na sehemu zingine zinapona.

Ndiyo maana fundi mzuri anaanza na maswali mbele ya kushika bisibisi. Je, ilikufa wakati moto ulirudi? Televizyo ao frigo navyo vilikufa? Prizi yenyewe iko na umeme? Kisha anapima fizibu. Kama ni nzima na volti 220 zinafika kwenye karte, lakini hakuna volti ndogo zinazotoka, basi ubovu uko kwenye karte. Kama varistori imepasuka ao imekuwa nyeusi, ushahidi umepatikana: volti zilipanda. Lakini kama saa inaonekana, sahani inazunguka na chakula kinabaki baridi, ubovu uko upande mwingine, ule wa volti kubwa.

Upande huo unaua. Kondansateri ya mikroonde inabeba volti zaidi ya 2.000, na inaweza kuzihifadhi hata kisha kuchomoa waya kwenye prizi. Kijana anayejifunza kazi kwa radio na telefone hapaswi kufungua mikroonde peke yake. Mwenye nyumba naye asijaribu.

Chanzo kiko inje ya nyumba

Laini za kartie zinabeba umeme wa fazi tatu. Waya wa katikati, neutre, ndio unalinda volti 220 katika kila nyumba. Waya huo ukikatika ao ukilegea kwenye nguzo, nyumba zingine zinapata umeme dhaifu, na zingine zinaweza kusukumiwa volti zinazokaribia 380. Hakuna mikroonde iliyotengenezwa kwa kuvumilia hiyo.

Delestaji nayo inaongeza hatari, kwa sababu kila moto ukikatika na kurudi volti zinayumba. Bukavu inategemea kituo cha Ruzizi ya Kwanza, kilichoanza kazi mwisho wa miaka ya 1950, na takataka za plastiki kutoka Ziwa Kivu zimeziba mashini zake mara nyingi. Kwa hiyo chupa inayotupwa kwenye mufereji nayo iko na sehemu katika giza la mji.

Nani analipa?

Kwa sasa ni jamaa peke yake. Na mara nyingi inalipa mara mbili, kwa sababu matengenezo mengi yanaishia nusu: varistori inatolewa bila kurudishwa, na mahali pa fizibu panawekwa kipande cha waya wa shaba. Mashini inawaka, mteja anafurahi. Lakini siku volti zitapanda tena hakuna mlinzi, na moto unaweza kushika nyumba. Mteja iko na haki ya kuomba aonyeshwe fizibu mpya, yenye ampere zilezile za zamani.

Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 juu ya umeme ilifungua mlango kwa makampuni ya binafsi, na kupanga mamlaka ya kusimamia sekta, ARE. Lakini lalamiko la nyumba moja, bila tarehe wala alama, ni rahisi kusahauliwa. Wakaaji wa avenue moja wanaoandika pamoja siku, saa na vyombo vilivyoungua, na kuhifadhi karte zilizokufa, wanaleta jambo lingine: wanaonyesha kama ubovu uko kwenye nguzo, si katika jikoni kumi kwa wakati mmoja.

Wakati huo, dawa ya kwanza haina bei. Umeme ukikatika, vyombo vichomolewe. Ukirudi, balbu moja iachwe iwake dakika kumi. Kama mwangaza wake unapanda na kushuka, mikroonde ingoje.