Kipogozi: Hoja kuhusu Jina la Protini ya Mmea

TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, protini tunazozijadili hapa zilikuwa hazijapewa jina katika lugha yoyote. Ni protini za mmea zinazobeba kipande kifupi cha RNA, chenye herufi 21 hadi 24 hivi, na kukitumia kama ofisa uhamiaji wa Tunduma atumiavyo picha ya mtu anayetafutwa. Ujumbe wa RNA unaolingana na kipande hicho hutambuliwa, kisha hukatwa mahali mahususi, kati ya herufi mbili zinazokabili ile ya 10 na ya 11. Kwa njia hiyo mmea hujikinga na virusi vya RNA, mathalani vile vya michirizi ya kahawia ya mihogo, ugonjwa ulioelezwa na H. H. Storey huko Amani mwaka 1936.

Mwelekeo wa wanaistilahi wengi ungekuwa kutohoa tu: agonauti. Hatuafikiani nao. Jina la asili lilitokana na sitiari ya kawaida kabisa: mwaka 1998 watafiti waliona majani ya mmea wenye kasoro ya jeni hiyo yakifanana na pweza mdogo aitwaye Argonauta. Anayetohoa huchukua sauti na kumwacha pweza baharini.

Tunapendekeza kipogozi, kutokana na kitenzi pogoa, kwa kanuni iliyotupatia mwokozi kutoka okoa. Mkulima wa kahawa wa Mbozi, mkoani Songwe, anajua kwamba kupogoa si kukata ovyo. Ni kuchagua tawi na kulikata mahali pake ili mbuni uzae. Yaweza kudaiwa kuwa sitiari hii inachechemea, maana virusi si tawi la mmea. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, protini hizi hukata pia jumbe za mmea wenyewe, na bila ukataji huo majani na maua hayakui ipasavyo. Huko ndiko kupogoa hasa, na mwanafunzi wa Tunduma asomaye biolojia ya sekondari kwa Kiingereza angeliona hilo katika neno lenyewe badala ya kulikariri.

Limebaki tatizo la kimeng'enya kinachoviandaa vipande hivyo, kilichopewa mwaka 2001 jina la Kiingereza lenye harufu ya jikoni. Kitenzi chanyata kingefaa. Nomino yake bado haijaturidhisha.