Khadzonzo Yuko Mlangoni, Tumtunze

Ndugu zangu wa Watamu, Gede, Malindi na vijiji vyote vilivyouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke, leo nina neno nanyi kuhusu paka. Najua wapo watakaocheka. Chekeni, lakini nisikilizeni.

Mwaka 1978 Jeni Slater, mkazi wa ukanda huu, aliwakuta watoto wa paka wenye manyoya asiyopata kuyaona: kahawia, yamechorwa mawimbi na mabaka meusi kama gamba la mti mkavu. Kwake lilikuwa jambo jipya. Wagiriama walikuwa wakimjua paka huyo siku nyingi, na jina lake, khadzonzo, linatokana na gamba hilo hilo la mti. Mwaka 1984 wachache wakapelekwa Denmark, na mwaka 1993 shirikisho la wafugaji paka la FIFe likawatambua kuwa aina kamili, kwa jina la Sokoke. Leo huko ng'ambo wapo wanaomwandikia nasaba yake hadi babu wa babu. Huku kwetu anapigwa teke sokoni kwa kunusa dagaa.

Hebu mtazameni vizuri. Baka lake si jeusi tupu. Ndani yake mmenyunyizwa kahawia, kwa sababu unyoya mmoja una pete za rangi mbalimbali. Manyoya ni mafupi, yamelala mwilini, na hana yale manyoya laini ya chini yanayokinga baridi: huyo amevaa nguo ya joto la pwani. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, basi hutembea kama mtu anayenyata asiwaamshe wenzake. Si wa kupakatwa kutwa, ila atakufuata chumba hadi chumba akikusemesha.

Wapo wanaodhani ni paka-mwitu. Sivyo, ni paka wa nyumbani kama hao wengine. Na kwa kuwa ni wa nyumbani, msituni si kwake. Humo mna bundi mdogo wa Sokoke na sange wa matako ya dhahabu (ndivyo alivyo, sikumwongezea), viumbe adimu wasiohitaji adui mwingine. Paka anayeshiba nyumbani na kulala ndani usiku hana sababu kubwa ya kwenda kuwahangaisha.

Kushiba kwenyewe kuna namna yake. Ugali mtupu haumtoshi. Mwili wa paka unahitaji taurini, ambayo huipata kwenye nyama na samaki. Akiikosa kwa muda mrefu, macho hupofuka na moyo hudhoofika. Vichwa vya samaki vilivyochemshwa, dagaa wasio na chumvi nyingi, maini kidogo mara moja moja, vyatosha kuanzia. Maziwa si lazima, wakubwa wengi huwaharisha. Maji safi ndiyo lazima. Na tafadhali, akiumwa msimpe panadoli: hata kidonge kimoja huweza kumuua.

Wenye nyumba za wageni, nanyi nawaombeni. Paka shume wakizidi uani, sumu si dawa. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 5 tu, na mimba yake ni kama miezi 2. Mkiua watatu leo, wengine watahamia palepale kufuata mabaki ya jikoni. Muiteni daktari wa mifugo awahasi. Sumu ya panya nayo ina hila: panya huila, paka akamla panya, wakafa wote wawili.

Waliopita madrasa wanaijua habari ya yule mwanamke aliyemfungia paka, asimpe chakula wala asimwache akajitafutie, na yaliyompata. Sina la kuongeza hapo.

Limebaki la chanjo. Kichaa cha mbwa jina lake linatudanganya, kwani paka naye hukipata, na akikuuma au kukuparura unaweza kukipata wewe. Basi wanaochanja wakifika kijijini, msipeleke mbwa peke yake. Mtieni khadzonzo kikapuni, mfunikeni kwa kanga asirushe kucha, mkapange foleni naye.